Shati la Majogoo la Mwadhini Wetu

Katika maisha yangu nimevaa mashati mengi ya dukani, na karibu yote nayajutia. Yalinibana shingo, yakanipa sura ya bahasha, na hakuna hata moja lililowahi kumfanya mtu ageuke njiani. Aliyevaa mashati ya kugeuza watu alikuwa jirani yetu kule Kibokoni, Mji wa Kale, naye aliyashona mwenyewe. Wageni hawakuamini mpaka walipomsikia kwa masikio yao kwamba mtu huyo ndiye aliyekuwa mwadhini wa msikiti wetu.

Hatukumwita jina. Alikuwa nalo, bila shaka, lakini mtaani petu alikuwa Mwadhini, basi. Mkewe alikuwa Mke wa Mwadhini, na paka wake alikuwa Paka wa Mwadhini, ingawa paka yule alikuwa mwizi wa samaki na hakustahili heshima hiyo.

Sauti yake ilikuwa nzito kwa chini na laini kwa juu, kama hariri iliyotiwa bitana ya melikani. Alipoadhini, wauza kahawa waliacha kugonga vikombe. Hata Wakristo waliopanga vyumba karibu nasi, watu wa bara waliofanya kazi reli na bandarini, walikuwa wakisema saa zao huzirekebisha kwa Mwadhini. Kisha ukimngoja ashuke ngazi za mnara, ukitarajia kumwona mzee wa makamo aliyevaa kanzu nyeupe, anatokea mtu wa kikoi cheupe na shati la mananasi. Au la miavuli. Au la matikiti yaliyokatwa, mbegu zake zikionekana moja moja. Kiunoni kushuka chini alikuwa mtu wa dini, kiunoni kupanda juu alikuwa bustani.

Wenye kumuuliza aliwajibu jibu moja: "Mwenyezi Mungu kamuumba kasuku na rangi zote zile, wala hakumwomba radhi kunguru."

Chanzo cha kushona kilikuwa kola. Alisema mafundi wote wa Mombasa hupima shingo ya mtu akiwa amenyamaza, na shingo iliyonyamaza haina kipimo. Mtu akiadhini, shingo huvimba, mishipa husimama, na kifungo cha juu humkaba kama askari. Alimlalamikia fundi wa barabarani mara kadhaa, fundi akampanulia kola mpaka ikawa kama ya punda. Ndipo akaenda kwa mkewe, aliyekuwa na cherehani ya mkono na aliyewashonea wanawake wa mtaa.

"Nishonee shati la maua," akamwambia.

"Maua ya n'ni, bwana? Wewe u mwadhini au u pazia?"

"Basi niazime cherehani."

Alimwazima kwa masharti. Ashone bibi akishamaliza kazi yake, atie mafuta baada ya kutumia, na asiimbe. Sharti la mwisho hakuliweza kamwe. Tukipita dirishani jioni tulisikia gurudumu la cherehani likienda na yeye akivumisha kasida, na mkewe kutoka jikoni akipiga kelele: "Masharti! Masharti!"

Fundi wa barabarani aliposikia, alimsimamisha. "Mwadhini, wewe washika mkasi. Nami nipande mnara?"

"Panda, ndugu yangu. Ila uniachie na cherehani yako, maana ya nyumbani yagombaniwa."

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na kupata ukarani Kilindini, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nilijiona mtu mkubwa. Nilivaa shati jeupe na tai, na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Siku moja kifungo kilinidondoka mbele ya mlango wake, naye akanikaribisha ndani, akanipa sindano. Sikujua hata kuitia uzi. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akaanza kunifundisha, nami nikawa napita kwake nikitoka kazini, bila kumwambia mtu yeyote ofisini.

Alikuwa mtu wa kinyume. Kwa adhana hakuchelewa hata siku moja, na kwa kila kitu kingine hakuwahi hata siku moja. Harusini alifika wakati masufuria yakioshwa. Alipanda mnara kila siku, na aliogopa kimo, hivyo aliadhini amefumba macho, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Alikuwa mkarimu wa kukupa chakula chake, lakini mkasi wake haukutoka mlangoni. "Mkasi ni kama mswaki," alisema. "Haukopeshwi."

Kabla ya kukata, alitandika kitambaa sakafuni na kukizunguka kwa magoti, akikitazama upande huu na upande ule. Shati la kitambaa cheupe, alisema, hata kipofu atakata. Kitambaa chenye picha kina maoni yake. Pale vifungo vinapokutana, ua lililokatwa upande wa kulia lazima lipate nusu yake upande wa kushoto, la sivyo mtu huonekana kama mlango uliotiwa na mlevi. Alipenda sana kukutanisha. Nilimwona akishona mfuko wa kifuani juu ya nanasi, na mfuko wenyewe ukiwa na nanasi lile lile mahali pale pale, hata usijue kama kuna mfuko mpaka atoe tasbihi humo.

Na alipokupima shingo, alikuamuru: "Sema Allahu Akbar!"

Ulisema.

"Hiyo wamwambia nani? Paka? Sema kwa mtu aliye Likoni, ng'ambo ya maji!"

Ukipaza sauti ndipo anazungusha utepe. Mimi aliponipima, nilisema kwa haya, sauti ya ofisini. Akaniandikia kola ndogo. "Wewe, Karani, shingo yako yasema 'ndiyo bwana' tu. Hii itakutosha."

Nilikasirika, lakini alikuwa amesema kweli.

Sasa niseme juu ya vichwa, maana hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Maua na matunda hayakumletea taabu. Taabu ilianza alipopenda vitambaa vya ndege. Msikiti wetu ulikuwa na msimamizi, mzee mrefu aliyeshika funguo na kuangalia maji ya birika la kutawadhia, mtu mkali ambaye sikuwahi kuyaona meno yake. Msimamizi alikuwa na mpwa wake ambaye alitaka sana kumfanya mwadhini. Siku Mwadhini alipotokea na shati la tausi, Msimamizi alimpeleka kwa imamu pale pale, barazani, sote tukisikia.

"Shekhe, picha za viumbe! Na watu waswali nyuma yake!"

Imamu alikuwa mtu mpole aliyependa kumaliza mambo. Alilitazama lile shati, akasema kiumbe mwenye kichwa ni picha, na asiye na kichwa ni kama mti. "Vaa utakacho, Mwadhini. Lakini vitwa visionekane."

Msimamizi hakutosheka. "Na kikionekana?"

Mwadhini akajibu mwenyewe, kwa haraka yake: "Siku utakayoona kitwa kimoja kwenye shati langu ndani ya msikiti, n'tashuka mnara. Mpwa wako apande."

Imamu akamtazama kwa huzuni, kama mtu aliyemwona mwenzake akikata kitambaa kabla ya kupima. Ahadi ilishatoka.

Nisidhaniwe natia chumvi nikisema kazi hiyo ilimsisimua. Mtu mwingine angeacha ndege akarudi kwenye mananasi. Yeye alikwenda Mtaa wa Biashara kutafuta ndege zaidi. Tausi alimtia kichwa ndani ya mshono wa bega. Bata walipoteza vichwa chini ya mifuko. Korongo mmoja, ambaye shingo yake ilikuwa ndefu mno, aliwekewa kifungo juu ya kichwa, na Mwadhini akatembea wiki nzima akifurahia kifungo hicho. Kama ndege walikuwa wamepangwa kwa safu, alikunja kitambaa kwenye kila safu na kushona pindo dogo, vichwa vyote vikazama ndani ya pindo, viwiliwili vikabaki nje. Lilipokamilika, shati lilikuwa na mapindo kama kinanda cha mkono, na ndege wote walikuwa miti.

Msimamizi alimkagua kila siku mlangoni. Alimzunguka, akainama, akachungulia kwapani.

"Inua mkono."

"Huu?"

"Na huo mwingine."

"Nikuvulie kabisa, Msimamizi?"

"Mato yangu hayachoki, Mwadhini. Iko siku."

Mimi nilicheka na wenzangu, na sikujua kuwa yule mtu anacheza na kitu alichokipenda kuliko macho yake. Mkewe alijua. Aliniambia mara moja, akitoa nyuzi kwenye vazi la mtu: "Akikosa kuadhini, huyu hatapata maradhi. Atakauka tu, kama nguo iliyosahauliwa kambani."

Mwaka wa uhuru, jogoo akiwa alama ya chama kilichoshinda, kitambaa cha majogoo kilijaa madukani. Nilikiona Mtaa wa Biashara nikitoka kazini: chekundu, na majogoo weupe wakubwa kama kiganja, wamepangwa safu kwa safu, vichwa juu, midomo wazi. Nilikinunua bila kufikiri na kumpelekea. Hilo ni moja ya mambo yangu ya bila kufikiri, na ninayo mengi.

Alipokifungua alikitandika sakafuni. Kisha akaanza kukizunguka kwa magoti.

"Karani, wamjua huyu?"

"Jogoo, Ami."

"Huyu ni mwadhini mwenzangu! Mtazame kifua. Mtazame shingo! Hana saa, hana msimamizi, wala hakuna aliyempima kola." Akapapasa kichwa kimoja kwa kidole. "Na mimi nitamkata kitwa."

"Si lazima, Ami. Shona mananasi."

"Kitambaa chatosha mashati mawili. Moja lako, moja langu. Lako litakuwa na vitwa vyake, wewe huna mnara wa kushuka. Langu litakuwa na mapindo."

Alishona kwa siku nyingi. Mapindo ya shati lake yalikuwa mengi hata mkewe akasema ni mazito kama tandiko. Langu lilikuwa jepesi, halina pindo hata moja, majogoo wazima kifuani na mgongoni, na kola ndogo ya "ndiyo bwana".

Jioni ya siku aliyomaliza, nilikwenda kuchukua langu. Magharibi ilikuwa imekaribia. Mkewe akanitolea shati mlangoni. "Bwana kashatoka. Kaacha hili kitini."

Nililivaa pale pale ukumbini, kwa furaha. Likanipwaya mwilini kama gunia. Kola ilikuwa pana hata ningeweza kuingiza mkono. Nikapapasa tumbo, nikakuta mapindo. Wakati huo huo adhana ikaanza.

Nimesema sauti yake ilikuwa hariri. Jioni ile ilitoka kama jogoo mchanga anayejaribu kuwika kwa mara ya kwanza. Ilipanda, ikakwama, ikafinyika, ikatoka upande. Muuza kahawa alisimama na dele lake hewani. Mke wa Mwadhini akaweka mkono kifuani.

"Kakabwa!" akasema.

"Kavaa langu!" nikasema, nikatoka mbio.

Nilifika wakati safu zimekwisha pangwa. Imamu alikuwa akisema takbiri. Mwadhini alikuwa safu ya kwanza, mgongo wake ukiwa na majogoo wazima, weupe juu ya wekundu, vichwa juu, midomo wazi, kana kwamba wanamjibu imamu. Palikuwa na nafasi moja tu, ubavuni pake. Nikasimama hapo, nikiwa na majogoo wasio na vichwa. Na nyuma yetu, pua yake karibu na migongo yetu, alikuwa Msimamizi, ambaye jioni ile maji ya birika yalimshughulisha asimkague mlangoni.

Nadhani majogoo wa Mwadhini peke yao asingewacheka. Angekasirika, akamaliza swala, akaanza kesi. Lakini aliona migongo miwili ya kitambaa kimoja, upande huu vichwa vitupu vya fahari, na upande ule mikia inayotafuta vichwa vyake. Tulipoinama kwenye rukuu, mapindo yangu yalijifungua kidogo, na nasikia midomo kadhaa ilichungulia. Nyuma yangu pakasikika mlio kama wa chupa ya soda inayofunguliwa. Kisha Msimamizi, ambaye sikuwahi kumwona meno, akacheka. Alicheka kwa sauti, alicheka kwa mabega, akatoka safuni akicheka, akaenda mpaka birikani, na tukamsikia huko akijimwagia maji na kucheka ndani ya maji.

Mtu akicheka hivyo swala yake imebatilika. Aliswali upya peke yake, kisha akaja barazani, uso umerudi mahali pake.

"Shekhe, vitwa! Si kimoja, ni banda zima!"

"Uliviona wakati gani?" akauliza imamu.

"Katika swala!"

"Katika swala mtu hutazama anapoweka paji la uso wake. Wewe ulikuwa watazama wapi?"

Msimamizi akageuka kuzitazama funguo zake. Watu wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko. Kama mambo yangeachwa hapo, yangekwisha. Lakini mimi, kwa elimu yangu, nikaingia.

"Shekhe, kosa ni langu," nikasema. "Nilipita kwake nikachukua shati lake kwa bahati mbaya, yeye akakuta langu."

Mwadhini akanitazama kama anavyoutazama mshono uliokwenda upande. "Karani aongopa. Alikuja mimi nishatoka. Na uongo wenyewe haukupigwa hata pasi." Akaifungua ile kola, akavuta pumzi. "N'liahidi kitwa. Kitwa kimeonekana. Macho ya Msimamizi yalikuwa wapi ni baina yake na Mola wake. Mimi n'nashuka."

Imamu alijaribu, wazee walijaribu. Hakukubali. Alirudi nyumbani akiwa ameshika kola mkononi kama mtu aliyeshika kofia msibani.

Mpwa wa Msimamizi akapanda mnara. Alikuwa kijana mwema na sina neno baya juu yake, ila sauti yake ilikuwa na haraka ya mtu anayeita teksi. Wauza mkate wa mofa wakachelewa kuamka. Wale wapangaji wa bara wakachelewa kazini, wakaja kuuliza kwa adabu kama Mwadhini ni mgonjwa.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akishona kola. Kola tupu, bila mashati. Mkewe aliniita dirishani: "Ndoo, umwone mwenzio. Kola, kola, kola. Na haimbi! Nimemwambia sharti nimelifuta, aimbe. Haimbi."

Nilikuwa nimekaa naye wakati mlango ulipobishwa. Alikuwa Msimamizi, na kitambaa cheupe kwapani.

"Masalkheri, Mwadhini. Nishonee shati," akasema, akiangalia ukuta. "Leupe. Usinitie hata kipepeo."

Mwadhini akachukua utepe wake, akamzungushia shingoni. "Sema Allahu Akbar."

"Kwa n'ni?"

"Ndivyo nipimavyo."

Msimamizi akasema, kidogo.

"Hiyo wamwambia nani? Sema kwa mtu aliye Likoni."

Msimamizi akajikaza, akapaza sauti. Ikapasuka katikati. Paka akatoka nje. Wote wawili wakatazamana, utepe bado shingoni, na nikaona midomo ya Msimamizi ikitetemeka, kicheko cha siku ile ya rukuu kikimjia.

"Wallahi nyumba yetu hatujaliwa sauti," akasema. "Mpwa wangu kaniomba nije. Asema watu wamtazama vibaya. Kesho alfajiri urudi kwako."

"N'liahidi."

"Uliniahidi mimi. Na mimi nakurudishia ahadi yako. Ila shati lile..."

"Shati lile lilikuwa kosa la haraka," akasema Mwadhini, akiinama kuokota chaki. "Giza la magharibi, nguo za rangi moja."

"Hata mimi nilijua ni kosa," akasema Msimamizi. "Mtu hawezi kufanya vile kwa makusudi."

Alfajiri iliyofuata nilikuwa macho nikimngoja. Sijui niielezeje. Kulikuwa na mlango unaofunguka kila nyumba, na mwanamke mmoja juu ya dari akapiga kigelegele, akanyamazishwa na mumewe, akapiga tena.

Aliendelea kulivaa shati lake la mapindo, lile la miti. Alilivaa hata Makadara, kwenye mikutano ya siasa, wakati majogoo wenye vichwa walikuwa kwenye kila ukuta. Nilikuwa naye siku kijana mmoja aliyejipachika beji ya chama kifuani alipomzuia.

"Mzee, umewakata majogoo vichwa? Una maana gani?"

"Wamelala, mwanangu. Kuku akilala huficha kitwa."

"Utapata kifungo wewe!"

"N'navyo saba," akasema Mwadhini, akijipapasa kifuani, "na kimoja cha akiba ndani ya pindo."

Watu wa Makadara walicheka mpaka kijana mwenyewe akasalimu amri, akauliza shati kama lile lapatikana wapi. Alishonewa moja. Lilikuwa na vichwa.

Mimi langu nilirudishiwa, nikalikunja. Ofisini wangenicheka. Nilikuwa nalifungua chumbani, nalitazama, nalikunja tena. Baadaye kidogo ofisi ilinihamishia Nairobi, nikaenda, na sindano niliyopewa sikuitumia tena. Nilikuwa na fundi. Nilikuwa na tai nyingi.

Nilirudi kwa likizo mwishoni mwa miaka ile ya sitini, nimevaa shati la nailoni lisilohitaji pasi, na nikijisifu kwalo. Nilimkuta Mwadhini kwenye ngazi za msikiti, amenenepa, amevaa shati la samaki waliozama vichwa kwenye mishono kama wanaotafuta chakula chini ya mwamba. Alinivuta mkono kwa nguvu.

"Ndoo juu, Karani! Wameniletea kipaza sauti! Sasa ninong'one tu, mpaka kule Feri, kivukoni, wasikie!"

Nilipanda naye. Kulikuwa na kisanduku chenye swichi, na bomba limefungwa upande wa pili wa mnara, limeelekea mtaani. Akaadhini Alasiri amefumba macho, na sauti ilikuwa ile ile, ila sasa ilikwenda ikagonga kuta za mbali na kurudi. Alipomaliza, masikio yangu yalikuwa yakivuma. Tukakaa chini, migongo ukutani, kipaza sauti katikati yetu.

Akapapasa nailoni yangu kwa vidole viwili. "Hiki n'kitu gani? Mfuko wa mkate?"

"Ndiyo mtindo, Ami."

"Na shati la majogoo?"

Ningeweza kuongopa. Nilikumbuka pasi. "Mwenye nyumba alilikata tambara," nikasema. "Nililiacha kwake nilipohama chumba. Nilimkuta akifutia baiskeli. Sikumwambia kitu."

Alivuta uzi kwenye pindo lake. "Haidhuru," akasema. "Wewe hukulivaa. Mimi nililivaa jioni moja, likatimiza kazi yake."

"Kwa kosa," nikasema.

Akanigeukia. "Wewe ulisomeshwa mpaka sekondari, Karani. Shati langu lina mapindo mazito kama tandiko. Lako halina hata moja. Nimeyashona yote mawili kwa mkono huu. Kosa gani?"

Nikamtazama. Mambo niliyopaswa kuyaona miaka ile yote yakanijia kwa mpigo: kola iliyomkaba naye asiifungue mpaka mwisho, chaki aliyoinama kuiokota ili tusiuone uso wake.

"Ulijua?"

"Hata kabla sijalivaa! Wallahi kola ilinikaba tangu takbiri ya kwanza, na sikujali." Akaanza kucheka, machozi yakimtoka. "Miaka yote nimepanda hapa na wasio na vitwa. Siku moja tu nilitaka niadhini nikiwa na vitwa vyangu vyote! Na Msimamizi, masikini, akasema hakuna mtu awezaye kufanya vile kwa makusudi!"

Tulicheka mpaka tukashikana. Ilinichukua muda kutambua kwamba chini kumenyamaza. Vikombe vya kahawa havigongani. Kisha kicheko cha mwanamke kikatoka kwenye dari moja, kikajibiwa na dari ya pili, kikaenda hivyo dari kwa dari kuelekea mtaa wa Kuze. Niliitazama swichi. Mpaka leo sijui kama aliisahau.

Kutoka birikani sauti ya Msimamizi ikapanda: "Mwadhini! Mji mzima wakusikia!"

Mwadhini akafuta machozi. Hakuizima swichi. Alikivuta kipaza sauti karibu, na uso wake ukawa ule niliouona siku za kola tupu.

"Msimamizi," akasema, na kila nyumba ya Kibokoni ikasikia. "Ahadi uliyonirudishia, uliirudisha kwa kuwa ulidhani ni kosa. Sasa wajua. Nishuke?"

Hakuna aliyekohoa.

"Shuka!" akanguruma Msimamizi.

Nikamshika Mwadhini mkono. 

"Shuka ukimu swala, watu wangoja! Na mimi leo nitasimama safu ya kwanza, sitaki kuuona mgongo wako!"